Mlango wa Ukurasa wa Mia na Tisa

Kila mtu katika depo ya malori ya Papa Paluku alijua jambo moja ambalo hakuna aliyethubutu kulitamka: mzee hakuweza kusoma rapport yake mwenyewe, ile taarifa ya magari ya kila wiki. Si kwamba hakupita shuleni. Alipita, na hesabu ya magari kumi na nane aliimaliza kichwani kabla wewe hujatafuta kalamu. Macho yalikuwa yameingia ukungu, hilo ni kweli, lakini shida kubwa zaidi ilikuwa rapport yenyewe. Zamani, kule Butembo, baba yake alikuwa na daftari nene lenye nyuzi za sufu zilizoning'inia pembeni: nyekundu kwa magari yaliyo njiani, buluu kwa yaliyofika, njano kwa yaliyoharibika. Ukivuta uzi, daftari linafunguka palepale. Sasa alipewa kompyuta, na ndani yake kurasa mia na kumi na mbili zilizopangwa kwa namba za plaki, bila uzi hata mmoja.

Basi kila Jumatatu mzee alikaa mbele ya kile kioo, akalamba kidole, akakipeleka pembeni mwa kioo kama mtu anayefunua Biblia. Kisha akakumbuka. Akafuta mate kwa mkono wa shati, akasema, "Bon. Nimeona." Hakuwa ameona kitu.

Aliyemwona ni Albertine Mbuyi. Albertine alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na tisa, mtoto wa Wakasai, mzaliwa wa Katuba, mtaa wa Lubumbashi, na kazi yake ilikuwa kuwapigia madereva simu kuuliza walipo na kuyaingiza majibu kwenye kompyuta. Kwa miaka sita Papa Paluku alimwita "mama wa saisie", mama wa kuingiza habari, kwa sababu jina lake hakulijua. Albertine hakukasirika. Alipomwona mzee analamba kidole alihisi aibu, kama vile ni baba yake anayechekwa sokoni, akajiambia kwamba jambo hili lazima liishe.

Nyumbani mumewe, Symphorien, alikuwa amemaliza mwezi wa tano bila kazi. Alikuwa fundi umeme katika kampuni ndogo iliyohudumia mgodi. Mgodi ukapunguza, kampuni ikafunga, yeye akabaki na fulana yake ya rangi ya chungwa, aliyoivaa hata kuosha sufuria. Majirani walipita wakimsalimia kwa sauti ya juu kupita kiasi, "Eh, ingénieur! Leo ni repos tena?" Naye alicheka nao. Mshahara wa Albertine ndio uliokuwa bukari, ugali wa kila siku, ndio nyumba, ndio shule ya watoto wao, Précieuse na Bénit. Ukikatika huo, hakuna kingine.

Na mwezi huo mambo yalikuwa yanakatika. Vita vya mashariki vilikuwa vimekwisha kula Goma, na watu walisema Bukavu ni suala la siku. Nusu ya magari ya Papa Paluku yalifanya njia hiyo: Kalemie, Uvira, kisha mlima wa kupanda Bukavu, unga ukienda na maharagwe yakirudi.

Jumamosi, kontrolele mpya, mkaguzi wa hesabu, Jeannot, aliwakusanya wafanyakazi wa ofisi. Jeannot alikuwa na diploma mbili na viatu vyenye ncha.

"Jumatatu Patron atasoma rapport, kisha ataamua ofisi itabaki na bantu ngapi," alisema. "Vita iko, makuta ya kulipa bantu haiko. C'est tout."

Albertine aliinua mkono. "Monsieur Jeannot, naweza kwenda na kompyuta nyumbani? Kuna kitu nataka kuongeza mu rapport."

"Kuongeza? Mama, watu wanapunguza, weye unaongeza?" Wote wakacheka. Lakini Jeannot akampa, kwa sababu ilikuwa ile kuukuu, na alitaka kuwahi harusi.

Kitu chenyewe alikuwa amekipata siku za nyuma, kwa kufikiria kwaya. Parokiani, yeye ndiye aliyeshona vipande vya kitenge ndani ya kitabu cha nyimbo, ili mwalimu wa kwaya asihangaike mbele ya watu. Akajiuliza: ndani ya kompyuta, kitenge ni nini? Alitafuta wiki nzima saa ya kula, akifungua kila neno juu ya ukurasa, mpaka akakuta pameandikwa Insertion, na chini yake Signet. Signet ni alama unayoifunga mahali fulani ndani ya rapport, kisha unaandika jina lake kwenye ukurasa wa kwanza. Mtu akibonyeza lile jina, anatua palepale, hata kama ni ukurasa wa tisini. Alipojaribu mara ya kwanza na ukurasa ukaruka, alipiga kelele peke yake, "Mawe!", na Chanda wa meza ya pili akadhani ameona panya.

Jumapili baada ya misa hapakuwa na umeme Katuba. Symphorien alikwenda kwenye kibanda cha kuchaji simu, akambebea mwenye kibanda mifuko miwili ya makaa mpaka nyumbani kwake, akarudi na betri ya gari begani. Aliifunga nyaya mezani kwa adabu yote ya kazi yake ya zamani.

"Tumika," alisema. "Betri inaweza kuweza masaa matatu."

Albertine akafanya kazi. Hakuyapa mafungu majina ya Jeannot, yale ya Rubrique ya tatu na Tableau ya saba. Aliyapa majina watu wanayosema depo. Mashine haikukubali nafasi kati ya maneno, ikagoma, akaunganisha: WenyeKupakia. WenyeKuwaNjiani. WenyeKupandaMulima. WenyeKufika. Kwenye kila fungu aliongeza herufi zikawa kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza, akaweka jina la dereva jinsi linavyojulikana, na simu ya konvoyeri wake, msaidizi wa safarini, kwa sababu dereva simu yake huzima kila mara. Précieuse alimsomea namba, yeye akaandika. Ilipofika saa tisa alikuwa kwenye annexe, mkia wa rapport ambao hakuna binadamu aliyewahi kuusoma. Ukurasa wa mia na tisa.

Mikono ikasimama.

"Papa Précieuse," aliita polepole. "Kuya uone."

Symphorien akainama. Juu paliandikwa kwa Kifaransa: wafanyakazi wa kuondolewa. Chini, majina matatu, yote ya wanawake wa ofisi. Mbuyi Albertine. Chanda Rosalie. Ngosa Béatrice.

"Hata alphabet Jeannot hakufuata," Albertine alisema.

Symphorien alimfukuza Précieuse nje kwa macho. Kisha akakaa. "Futa."

"Nini?"

"Futa jina yako. Ni weye uko unashika kompyuta. Muzee haonake kitu, na ule Jeannot anaonaka tu viatu yake. Futa, mama."

"Na Chanda? Na Ngosa?"

"Futa bote batatu, basi!"

"Kisha Jumatatu ingine atabaandika tena, na mie nitakuwa muntu wa kuiba mu rapport. Hapana."

"Heshima si mboga, haipikwe na matamba."

"Najua. Ni mie napikaka."

Nje Bénit alikuwa anapiga mpira ukutani. Albertine alifuta macho kwa kona ya kitenge, akavuta kiti, na mumewe akamwona anafanya jambo ambalo hakulitegemea: akaenda Insertion, akaenda Signet, akaifunga alama kwenye jina lake mwenyewe. WenyeKupunguzwa.

"Weye iko muzima kweli? Unamufungulia mulango akufukuze?"

"Akitaka kunifukuza, anifukuze akiona jina. Asiweke sinyatire chini ya karatasi mu giza. Yeye ni mutu muzima, na mie ni mutu muzima."

Nimeshasikia watu wengi wakihubiri ujasiri, wengi wao wakiwa wameshiba. Huyu alikuwa na nusu mfuko wa unga nyumbani. Symphorien akasimama, akakaza tena waya wa betri ambao haukuwa umelegea. "Betri inabakia na saa moja," alisema. "Andika mbio."

Jumatatu, saa mbili asubuhi, Albertine alisimama mbele ya meza ya Papa Paluku na ufunguo wa USB mkononi. Chanda na Ngosa walikuwa mezani kwao. Jeannot alikuwa ameketi kando ya mzee, tayari kumsomea.

"Papa, jambo yenu. Nimeweka signet mu rapport. Ni sawa na uzi mu kitabu. Munabonyeza jina, munafika."

"Uzi?" Papa Paluku aliinua kichwa.

Jeannot alikwishachukua ufunguo na kuuchomeka. "Tuone miujiza." Akasoma kwa sauti, akivuta kila neno. "WenyeKuwaNjiani. WenyeKupandaMulima! Papa, hii ni rapport ao ni kikundi ya maombi?" Mtu wa stoo aliyekuwa mlangoni akacheka, na Ngosa, maskini, akacheka pia kwa woga. "WenyeKufika. Wenye..." Jeannot akakoma. Alikuwa amefika WenyeKupunguzwa. Masikio yake yakabadilika rangi. Akachomoa ufunguo, akautupa mezani. "Ce n'est pas sérieux. Mama, rudi fasi yako."

Albertine akarudi. Alipokaa hakumtazama mtu.

Nje, getini, wake wa madereva walikuwa wameanza kujaa. Redio ya asubuhi ilisema risasi zinasikika kwenye njia ya Bukavu. Papa Paluku alisikia sauti zao kupitia dirisha, na kabla hajauliza, simu yake ikalia. Ilikuwa Uvira.

"Papa, réseau ya simu iko inaenda inarudi!" msimamizi wa depo ya Uvira alikuwa anapiga kelele, na sauti yake ilisikika ofisi nzima. "Banafunga njia. Niko na pikipiki mbili hapa, naweza tuma bantu barudishe magari yenye yalishavuka hapa na hayajafika Bukavu. Nipe majina! Nipe na simu! Mbio!"

"Jeannot!" alisema mzee.

Jeannot alikuwa anashusha kurasa. Ya kumi. Ya ishirini na tatu. "Attendez, Papa. Plaki ni namba gani?"

"Mie najua plaki? Mie najua bantu!"

"Ukurasa wa arobaini... non, hii ni ya mwezi jana..."

"Allô? Papa? Allô?"

Papa Paluku aliweka mkono juu ya kompyuta kama mtu anayemnyamazisha mtoto. "Mama wa saisie," alisema. "Ule uzi yako iko wapi?"

Albertine hakukumbuka alivyovuka ile ofisi. Alichomeka ufunguo, akamwekea mzee panya wa kompyuta mkononi. "Hapa, Papa. WenyeKupandaMulima. Bonyeza."

Mzee akabonyeza. Ukurasa ukaruka, na herufi zikasimama mbele yake, kubwa, nyeusi.

"Iko hapa!" alipiga kelele, na kwa sekunde moja alikuwa kijana wa Butembo aliyevuta uzi mwekundu. Akasoma mwenyewe, bila msaada wa mtu, dereva wa kwanza, konvoyeri, simu, wa pili, wa tatu. Kule Uvira mtu alikuwa anarudia namba na kuandika.

"Ni batatu, Papa?"

"Ni batatu."

Dirishani, wakati huohuo, mama Edith alikuwa anawatuliza wenzake. Alikuwa mke wa Djo, dereva wa siku nyingi kuliko wote. "Mie niko na amani," alisema. "Djo alinipigia juzi. Alisema amefika."

"Aa, mama Edith!" akajibu mwingine. "Wangu naye alisema amefika, na tunamusikia pale ndani bako banamusoma kwa benye kuwa njiani. Dereva gani alishaambia bibi yake kama hajafika?"

Albertine aligeukia dirisha. Mila hiyo aliijua, kila mtu wa Lubumbashi aliyeolewa na dereva anaijua: mtu wa barabarani hamwambii mkewe kwamba bado yuko njiani, ni kuita mkosi, husema nimefika hata kama yuko porini anabadilisha gurudumu. Na Jumamosi simu ya Djo ilipokuwa imezimwa, yeye, Albertine, alikuwa amempigia mama Edith, akaambiwa "amefika", akaandika amefika. Djo alikuwa chini ya WenyeKufika, salama kwenye karatasi.

Angeweza kunyamaza. Rapport ilikuwa imefanya kazi mbele ya macho ya mzee. Jeannot alikuwa amenyauka. Kazi yake ilikuwa karibu kupona. Hakunyamaza.

"Papa, bako bane!" alisema. "Kuna kosa, na kosa ni yangu. Djo hajafika. Neno ile nilipata kwa bibi yake."

"Voilà!" Jeannot aliruka. "Papa, munaona? Na njo yeye anatengeneza rapport!"

"Nyamaza weye!" alisema Papa Paluku, macho hayakutoka kwenye kioo. "Simu ya konvoyeri wake?"

"WenyeKufika, Papa. Mustari wa kwanza."

Akabonyeza, ukurasa ukaruka. Alisoma namba ya konvoyeri wa Djo tarakimu kwa tarakimu. Alipofika ya mwisho, simu ilikuwa kimya. Hakuna aliyejua kama kule upande wa pili ilisikika.

Siku tatu zilipita. Bukavu ikaanguka. Albertine alikwenda kazini na hakuna aliyemwambia kitu, jambo ambalo ni baya kuliko kutukanwa. Mama Edith aliketi getini kuanzia asubuhi, juu ya gunia lililokunjwa, na kila saa ya kula Albertine alitoka akaketi naye, akagawa bukari yake katikati. Siku ya kwanza alimwambia ukweli.

"Ni mie nilimuweka Djo fasi ya benye kufika."

Mama Edith alimeza tonge. "Na mie njo nilikuambia," alisema. "Kula, mama. Bukari inapoa."

Nyumbani Symphorien hakuuliza. Aliosha sufuria, akawapa watoto chakula, na jioni moja akamwekea mkewe maji ya kuoga ya moto bila kuombwa. Hilo tu, lakini Albertine alilia humo bafuni, na alipotoka alikuwa na nguvu kidogo.

Alhamisi mchana simu ilitoka Uvira. Magari matatu yalirudi. La Djo halikurudi: mwenye pikipiki alimkuta mwanzo wa mlima, akawaacha Djo na konvoyeri wake wafunge gari ndani ya uwanja wa watawa, akawashusha wote wawili kwenye pikipiki moja, watu watatu, siku ambayo njia ilikuwa inafungwa nyuma yao. Wako hai. Mama Edith alipoambiwa alisimama, akakaa, akasimama tena. Kisha akaanza kuimba palepale getini, na wale wanawake wengine wakamwitikia, na hata mtu wa stoo akatoka kucheza.

Djo mwenyewe alifika juma lililofuata, amekonda, na begi la plastiki. Kabla ya kwenda kwa mzee alisimama mbele ya meza ya Albertine.

"Mama, nionyeshe fasi ulinipoteza."

Albertine alibonyeza. Djo alisoma: amefika. Akatikisa kichwa, akacheka, kisha cheko likaharibika usoni na akageukia ukuta kidogo. "Mie njo nilidanganya," alisema. "Kutoka leo, weye nitakuambia kweli. Bibi yangu nitaendelea kumuambia nimefika. Andika vile."

Siku ileile, saa nane mchana, Papa Paluku aliita. "Mama wa..." Akasimama. "Jina yako ni nani?"

"Albertine, Papa. Albertine Mbuyi."

"Nilikuwa niliisoma fasi fulani." Alishika panya, sasa kwa mazoea, akabonyeza WenyeKupunguzwa. Ukurasa wa mia na tisa ukaja. Jeannot, kwenye meza yake, alikuwa anatafuta kitu kwenye droo. "Jeannot anasema hii liste hakuna mutu alipaswa kuona. Ni nani aliweka uzi?"

"Ni mie."

"Ulijua kama uko mu liste?"

"Nilijua, Papa. Wa kwanza."

"Na ukanifungulia mulango?"

"Rapport ni yenu, Papa. Siwezi kuwafungulia milango ingine, ile yangu nikaifunga."

Mzee alivua miwani, akaifuta. "Gari moja nimepoteza," alisema. "Bantu, hapana. Ikaa hapa. Toa jina yako."

Alimpisha kiti chake mwenyewe. Albertine aliketi kwenye ukingo, kama mtu wa kuondoka mara moja. Akafuta mstari wake. Alirudi ukurasa wa kwanza, akabonyeza kuhakikisha, na kompyuta haikwenda popote: alama ilikuwa imefungwa kwenye jina lake, nalo lilikuwa limeondoka nayo. Majina mawili yalibaki kule chini, ukurasa wa mia na tisa, mahali ambapo hakuna mtu angefika tena mpaka mwisho wa mwezi, siku ya kuwaondoa kazini. Vidole vyake vikakaa kidogo juu ya herufi. Furaha ilikuwa imeshamjaa kifuani, alikwishamwona Symphorien akipokea habari. Kisha akaenda Insertion, akaenda Signet.

"Unafanya nini tena?"

"Narudisha uzi, Papa. Chanda na Ngosa bamebakia bila mulango," Albertine alinong'ona.

"Nilisema weye. Sikusema bao."

"Nimesikia, Papa. Njo maana naurudisha."

Kwenye meza zao wale wanawake wawili waliendelea kuandika, hawakujua chochote. Papa Paluku aliinama juu ya bega la Albertine mpaka pua ikakaribia kioo. Alisoma majina yote mawili, polepole, midomo ikitembea. Kisha alilamba kidole, akakiweka juu ya jina la Chanda, na kioo kikabaki na alama ya mate. Safari hii hakuifuta.

"Ubaite," alisema. "Nataka kuona sura yao."

Albertine alisimama, akaenda kuwaita.